Kuwinda mashimo meusi madogo mno: mashine ya CERN, barafu, angahewa au redio?

Mwaka 1998 wanafizikia Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na Gia Dvali walipendekeza kwamba huenda ulimwengu una dimensheni za ziada ambazo graviti pekee ndiyo huzipenya, na kwamba udhaifu wa graviti tunaouona unatokana na nguvu yake kutawanyika humo. Pendekezo hilo lilibadilisha hesabu moja muhimu. Kabla yake, kuumba shimo jeusi kwa kugonganisha chembe mbili kulihitaji nishati ya Planck, takriban 10¹⁹ GeV (GeV ni elektroni-volti, eV, bilioni moja; TeV ni GeV elfu moja, na PeV ni TeV elfu moja), ambayo hakuna mashine wala mwale wa angani uliowahi kuikaribia. Baada yake, ikiwa kipimo halisi cha graviti, yaani nishati ambapo graviti inakuwa na nguvu kama nguvu nyingine, ni TeV chache tu, chembe mbili zikipishana kwa umbali mdogo kuliko nusu kipenyo cha Schwarzschild cha nishati yao ya pamoja, yaani ukubwa wa shimo jeusi lenye nishati hiyo, zitajifungia ndani ya shimo jeusi lenye upana wa takriban mita 10⁻¹⁹. Shimo hilo halidumu. Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba mashimo meusi hutoa mnururisho, na kadiri shimo lilivyo dogo ndivyo joto lake linavyozidi. Hili lingetoweka ndani ya sekunde 10⁻²⁶ hivi, likiacha chembe chache au makumi zilizotapakaa pande zote.

Njia za kulitafuta ziko nne: kugonganisha protoni katika kichapuzi cha LHC huko CERN, kusubiri nyutrino za angani, chembe zisizo na chaji ambazo ni nadra kugonga kitu, ndani ya barafu au maji ya kina kirefu, kuzisubiri katika angahewa kwa kutumia uwanja mpana wa vigunduzi, au kusikiliza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye barafu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti au msomaji anayetaka kujua ni matokeo ya upande gani anayopaswa kuyafuatilia kwa makini. Msimamo wangu ni kwamba nishati kubwa, ambayo ndiyo hutajwa kwanza na watetezi wa kila njia, haitoshi kuamua. Linaloamua ni kama chombo kinaweza kutenganisha mambo mawili: idadi ya nyutrino zinazofika, na uwezekano wa kila moja kugonga kitu.

Kwa nini nyutrino, na si protoni za angani

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitumie protoni na viini vya atomu vinavyoigonga dunia kila siku. Tarehe 15 Oktoba 1991 kigunduzi cha Fly's Eye katika jimbo la Utah nchini Marekani kilinasa chembe ya takriban 3 × 10²⁰ eV, nishati inayopita kwa mbali chochote tulichowahi kukitengeneza. Tatizo ni kwamba protoni hugongana na hewa kwa nguvu kali ya nyuklia mara tu inapoingia katika tabaka za juu za angahewa, na mgongano huo wa kawaida una uwezekano mkubwa kiasi kwamba shimo jeusi, hata kama linawezekana, linabaki kuwa tukio adimu lililozama katika bahari ya matukio ya kawaida.

Nyutrino ni kinyume chake. Kwa nishati ya 10¹⁹ eV, eneo la mgongano la nyutrino na nyukleoni (protoni au nyutroni), yaani ukubwa wa shabaha ambayo nyukleoni humwonyesha mgeni huyu, ni takriban 3 × 10⁻³² cm², ambalo ni dogo mara mamilioni kuliko la protoni na kiini cha hewa. Shimo jeusi halijali chaji wala aina ya nguvu. Ukubwa wake hutokana na nishati peke yake. Kwa hiyo linaweza kushindana na nguvu dhaifu, na hata kuishinda. Hiyo ndiyo hoja ambayo Jonathan Feng na Alfred Shapere waliitoa mwaka 2001, na kwa hesabu za wakati ule, zilizochukulia kipimo cha graviti kuwa TeV 1, eneo la mgongano lingeweza kupanda hadi mara mia moja.

Nishati inayopatikana katika mgongano wa nyutrino na nyukleoni iliyotulia ni kipeuo cha pili cha zao la mara mbili ya masi ya nyukleoni na nishati ya nyutrino. Nyutrino ya PeV 100, ambayo ni 10¹⁷ eV, inatoa TeV 13.7, karibu sawasawa na TeV 13.6 ambazo LHC imekuwa ikizitumia tangu 2022. Nyutrino ya 10¹⁹ eV inatoa TeV 137. Mstari huo wa 10¹⁷ eV unafaa kukaririwa, kwa sababu chini yake nyutrino haina faida kubwa ya nishati juu ya mashine.

LHC: mtiririko wa chembe unaojulikana, dari isiyosogea

Ubora wa LHC hauna mpinzani katika jambo moja: tunajua ni protoni ngapi zimegonganishwa, kwa nishati gani, na lini. Kundi la CMS, mojawapo ya majaribio makubwa ya LHC pamoja na ATLAS, lilikuwa na matokeo ya kwanza ya kutafuta mashimo meusi mwishoni mwa 2010, mwaka uleule ambao mashine ilianza kufanya kazi kwa TeV 7. Wanachokitafuta ni mgongano unaotoa vitu vingi kwa pamoja, yaani majeti (mikururo ya chembe) ya hadroni, elektroni, myuoni (chembe kama elektroni lakini nzito zaidi) na fotoni, ambavyo jumla ya momenta zake za ubavuni ni kubwa kuliko inavyotarajiwa katika migongano ya kawaida. Hakuna ziada iliyoonekana. ATLAS na CMS zimeondoa uwezekano wa mashimo meusi yenye masi hadi kati ya TeV 9 na 10, kutegemea modeli, na ATLAS imeonyesha kwa njia nyingine, ile ya jeti moja linaloandamana na nishati iliyopotea, kwamba kipimo cha graviti hakiwezi kuwa chini ya TeV 5.9 kwa dimensheni sita za ziada wala chini ya TeV 11.2 kwa dimensheni mbili.

Takwimu hizo za mwisho ndizo zinazopaswa kumshtua mwenye kutumaini nyutrino. Hesabu za 2001 zilizotoa ongezeko la mara mia zilitegemea kipimo cha TeV 1, na eneo la shimo jeusi hupungua takriban kwa mraba wa kipimo hicho. Kukipandisha hadi TeV 6 kunakata ongezeko hilo kwa makumi ya mara, kabla hata hatujazingatia kwamba nadharia yenyewe huaminika tu pale masi ya shimo inapokuwa mara kadhaa ya kipimo. Yeyote anayesoma makala za miaka ile na kunakili matarajio yake bila marekebisho anajidanganya.

Hata hivyo takwimu hizohizo zinaonyesha ukomo wa LHC. Chukua kipimo cha TeV 6, na udai kwamba shimo liwe na masi ya angalau mara tano yake ili hesabu za Hawking ziwe na maana. Tunapata TeV 30, ambazo LHC haitazifikia kamwe, kwa kuwa dari yake ni TeV 14 na kwa kuwa protoni ni mfuko wa kwaki na gluoni zinazogawana nishati hiyo. Nyutrino haina cha kugawana. Ni upande wa nyukleoni pekee unaopunguza. Kwa TeV 30 nyutrino inahitaji angalau 5 × 10¹⁷ eV, na kwa vitendo zaidi ya hapo. Kichapuzi kinachopangwa na CERN cha mzingo wa takriban kilomita 91 kingeweza kufika huko, lakini hatua yake ya protoni inakadiriwa kuanza katika miaka ya 2070.

Barafu na maji: matukio yapo, nishati haitoshi

IceCube, iliyo Ncha ya Kusini, ni kilomita moja ya ujazo ya barafu iliyopitishwa nyaya 86 zenye vigunduzi vya mwanga 5,160 kati ya kina cha mita 1,450 na 2,450. Ilikamilika Desemba 2010. Ndiyo iliyotuthibitishia mwaka 2013 kwamba nyutrino za PeV zinatoka nje ya mfumo wa jua, na mwaka 2021 ilitangaza tukio la karibu PeV 6 linalolingana na mwangwi wa Glashow, yaani antinyutrino ya elektroni iliyogonga elektroni na kuzaa chembe ya W.

Kwa mwenye kutafuta mashimo meusi, sifa hizo zina kasoro moja kubwa. Nyutrino ya PeV 6.3 ikigonga nyukleoni inatoa TeV 3.4 tu, chini kabisa ya eneo ambalo LHC imekwisha kulifunga. Sehemu kubwa ya matukio bora ya IceCube iko katika ukanda huo. Kwa hiyo, kusema kwamba IceCube inaona nyutrino za nishati kubwa ni kweli, lakini si kubwa kwa maana inayohitajika hapa.

Alama ya shimo jeusi ndani ya barafu nayo ina utata wake. Katika mgongano wa kawaida nyutrino ya myuoni huacha myuoni inayosafiri kilomita kadhaa, huku karibu moja ya tano tu ya nishati ikibaki kwenye nyukleoni. Shimo jeusi lingemwaga karibu nishati yote mahali pamoja kama mpira wa mwanga, bila kujali nyutrino ilikuwa ya aina gani. Tatizo ni kwamba nyutrino ya elektroni ya kawaida hufanya vivyo hivyo. Kinachoweza kuzitofautisha ni myuoni za ziada zinazochomoza kutoka katika mpira huo, au uwiano wa mipira kwa mistari ya myuoni usiolingana na mchanganyiko wa aina tatu za nyutrino, na yote mawili yanahitaji matukio mengi.

Ambapo IceCube imefanya kazi ya kupigiwa mfano ni katika kupima eneo la mgongano lenyewe. Mwaka 2017 kundi lake lilitumia dunia kama kizuizi: kadiri nyutrino inavyopita katika mwamba mwingi, ndivyo nyingi zaidi zinavyomezwa, na upungufu huo unaeleza eneo la mgongano. Matokeo yalikuwa mara 1.3 ya thamani inayotarajiwa, na kosa la kipimo lilikuwa kubwa vya kutosha kuifunika tofauti hiyo, kwa nishati kati ya TeV 6.3 na 980. Mbinu ni safi. Nishati tu ndiyo haijafika.

Katika Bahari ya Mediterania, kigunduzi cha KM3NeT karibu na Sicily kiliinasa tarehe 13 Februari 2023 myuoni iliyokadiriwa kuwa na PeV 120, ambayo kwa makadirio ilizaliwa na nyutrino ya takriban PeV 220, kati ya PeV 110 na 790. Hiyo ni TeV 20 katika mgongano, juu ya LHC. Lakini kilichoonekana ni myuoni ikipita. Mahali nyutrino ilipogonga palikuwa nje ya chombo, na umbo la mgongano, ambalo ndilo lingetuambia kama kulikuwa na jambo geni, halikuonekana kabisa. Tukio hilo ni habari njema kuhusu kuwepo kwa nyutrino hizo, na si zaidi ya hapo kwa hoja yetu.

Angahewa: pale swali linapoweza kugawanywa mara mbili

Pierre Auger, uwanja wa vigunduzi vya miale ya angani karibu na Malargüe katika jimbo la Mendoza nchini Argentina, ina matanki 1,660 ya maji, kila moja lita 12,000, yaliyotawanywa kwa nafasi ya kilomita 1.5 katika eneo la kilomita za mraba 3,000. Ilijengwa kwa ajili ya protoni na viini vizito, lakini ina madirisha mawili ya nyutrino, na ni uwili huo unaonifanya niiweke juu ya nyingine kimantiki.

Dirisha la kwanza ni manyunyu ya chembe, yaani chembe nyingi zinazozaliwa na mgongano mmoja hewani, yanayokuja karibu sambamba na upeo wa macho. Kwa wima angahewa ina takriban g/cm² 1,000 za hewa. Kwa mlalo inafika 36,000. Protoni inayoingia kwa mlalo huanza manyunyu mbali sana, na yanapofika kwenye matanki elektroni na fotoni zimekwisha kufa njiani. Zinabaki myuoni pekee, ambazo hufika karibu kwa wakati mmoja na kuacha katika tanki pigo fupi na kali. Nyutrino inaweza kugonga popote njiani, hata kilomita chache tu kabla ya matanki, na hapo manyunyu yanafika yakiwa bado machanga, na pigo lake limetandazwa kwa muda mrefu zaidi. Mtafiti hutazama umbo la pigo hilo tanki kwa tanki, na tofauti kati ya mlalo mchanga na mlalo mzee huonekana wazi hata kwenye grafu ya tanki moja. Shimo jeusi hapa lina faida ya ziada, kwani linageuza karibu nishati yote kuwa manyunyu, ilhali mgongano wa kawaida wa nyutrino za myuoni na tau huacha sehemu kubwa ya nishati itoroke bila kuonekana.

Dirisha la pili ni nyutrino za tau zinazoparaza ardhi. Hizi huingia katika mwamba digrii chache chini ya upeo wa macho, hugonga na kuzaa tau, chembe ya jamii ya elektroni iliyo nzito kuliko myuoni, na tau hiyo ikitoka kabla ya kuoza, huoza hewani juu ya matanki na kuanzisha manyunyu.

Fikiria nyutrino ya 10¹⁹ eV. Kwa eneo la kawaida la mgongano, husafiri wastani wa kama kilomita 200 za mwamba kabla ya kugonga, na njia inayopenya dunia kwa pembe ya digrii 1 chini ya upeo wa macho ina urefu wa kilomita 222. Vipimo hivyo viwili vinakaribiana, ndiyo maana dirisha hili hufanya kazi vizuri. Katika angahewa ya mlalo, kwa upande mwingine, ni nyutrino moja hivi katika 1,500 itakayogonga. Sasa ongeza eneo la mgongano mara kumi kwa sababu ya mashimo meusi. Migongano ya mlalo inaongezeka mara kumi, kwa kuwa hewa bado ni nyembamba mno kuzimaliza nyutrino. Katika mwamba nyutrino inamezwa ndani ya kilomita 20, mbali na mahali pa kutokea, na hata pale inapogonga karibu na uso, shimo jeusi mara nyingi halitoi tau yenye nishati ya kutosha. Dirisha moja linapanda na lingine linashuka.

Kama ongezeko lingetokana na wingi wa nyutrino, madirisha yote mawili yangepanda pamoja. Luis Anchordoqui, Feng na wenzao waliiona hoja hii mapema, na sijaona nyingine inayoshindana nayo, kwa sababu haihitaji kujua chanzo cha nyutrino wala idadi yake. Idadi hiyo ndiyo tusiyoijua, na katika njia nyingine zote ndiyo inayovuruga kila hitimisho.

Udhaifu wa Auger ni wa namna nyingine: hadi sasa haijapata nyutrino hata moja katika dirisha lolote. Sifuri gawanya kwa sifuri haisemi kitu. Aidha, data zake zinaonyesha kwamba miale ya nishati kubwa kabisa ina viini vizito kuliko protoni, na viini vizito vikigongana na fotoni za mnururisho wa nyuma wa ulimwengu huzaa nyutrino chache kuliko zile ambazo Berezinsky na Zatsepin walizitabiri mwaka 1969 kwa kufuata protoni. Mtiririko wenyewe wa nyutrino, kwa maneno mengine, huenda ni hafifu.

Redio: upana bila undani

Gurgen Askaryan alitabiri mwaka 1962 kwamba manyunyu ndani ya barafu yatatoa mapigo ya redio, na ANITA, puto la NASA lililoruka juu ya Antaktika mara nne kati ya 2006 na 2016 kwa kimo cha takriban kilomita 37, lilitazama zaidi ya kilomita za mraba milioni moja za barafu kwa mpigo. Nishati inayofikiwa, juu ya 10¹⁸ eV, ndiyo inayofaa. Hata umbo linaweza kusaidia kidogo, kwa kuwa manyunyu ya elektroni ya nishati hiyo hurefuka kutokana na athari ya Landau, Pomeranchuk na Migdal ilhali ya hadroni, kama yale ya shimo jeusi, hubaki mafupi. Lakini kila safari ilichukua wiki chache tu, na matukio ya kutosha kwa uchambuzi huo hayapo. Mradi wa RNO-G unaojengwa Greenland tangu 2021 unalenga kuziba pengo hilo la muda kwa kubaki mahali pamoja.

Matukio mawili ya ajabu ya ANITA, yaliyoonekana kupanda kutoka chini ya barafu kwa pembe kubwa, yamehusishwa na fizikia mpya ya kila aina. Kwa mashimo meusi hayana msaada wowote: mashimo hayo yangeifanya dunia kuwa kizuizi zaidi, si kidogo, na kupenya kwa mwamba wote ule kungezidi kuwa kugumu.

Uchaguzi

Anayehitaji matokeo ndani ya miaka michache na data anazoweza kuzigusa mwenyewe achague LHC. CERN imekuwa ikitoa data kwa umma tangu 2014, zikiwemo za CMS, na uchambuzi wa jumla ya momenta za ubavuni unaweza kufanywa na mwanafunzi mmoja mwenye kompyuta ya kawaida. Ajue tu kwamba jibu atakalolipata litakuwa kikomo, na kwamba kikomo hicho hakitasogea sana tena.

Anayevutiwa na eneo la mgongano la nyutrino kama jambo linalopimika afuate IceCube na KM3NeT, kwa kuwa ndiko kuliko na matukio halisi, ilimradi asiahidi mashimo meusi. IceCube-Gen2, inayopangwa kufikia kilomita 8 za ujazo, inaweza kubadilisha hali hiyo kwa kuunganisha mwanga na redio katika barafu moja, na kama nyutrino za PeV 200 si bahati ya mara moja, basi kufika juu ya mstari wa 10¹⁷ eV ni suala la muda.

Kwa yule ambaye swali lake ni mashimo meusi yenyewe, ushauri wangu ni Auger, au uwanja wowote ujao unaoona mlalo na mparazo kwa chombo kimoja. Auger ilifungua asilimia 10 ya data zake za miale ya kosmiki mwaka 2021, nazo zinatosha kujifunza jinsi pigo changa linavyotofautiana na pigo zee kabla nyutrino ya kwanza haijafika. Kwa upande wa nadharia, kazi iliyobaki ni kuhesabu upya uwiano wa madirisha hayo mawili kwa vipimo vya graviti vya TeV 6 na zaidi, ambako ongezeko ni dogo na makosa ya eneo la kawaida la mgongano, yanayotokana na tusivyojua kuhusu gluoni ndani ya nyukleoni, yanaanza kuwa na ukubwa unaolikaribia.